Diski haijala nyimbo zako

Kwa madijei wengi wa Mtwara na Lindi, wanaotunza nyimbo kwenye diski ya nje, alama ya mshangao ikitokea pembeni mwa nyimbo kwenye programu ya muziki ya iTunes, kauli ni moja: "Diski imekula nyimbo." Wananakili upya, diski inajaa sindimba ileile mara mbili. Mara nyingi hakuna kilichopotea. Programu haiubebi wimbo wenyewe. Huandika njia ya kuufikia tu, mfano E:\Muziki\Sindimba\01.mp3. Hiyo E ni herufi ambayo Windows imeipa diski yako. Ukitanguliza kuchomeka flashi ya mteja, flashi inachukua E, diski yako inapewa F, na njia zote zinakatika kwa pamoja.

Funga programu, chomoa flashi. Bofya kulia alama ya Windows, fungua Disk Management, bofya kulia diski yako, chagua Change Drive Letter and Paths, rudisha E. Usibonyeze Format (kufuta diski yote), hata Windows ikikushauri! Kama ndiyo kwanza unaanza maktaba ya nyimbo, ipe diski herufi ya mbali, M kwa mfano. Flashi hazifiki huko kirahisi. Ukibadilisha jina la folda nje ya programu, njia inakatika vilevile.

Diski ikilia tek-tek, hilo ni jambo jingine kabisa: ichomoe mara moja.