Je, wajua kwa nini setilaiti huwaka ghafla usiku halafu ikazima?

Mimi nilibisha miaka na miaka kwamba setilaiti zina taa. Si unaona kinukta kinakatiza anga taratibu, mara kinawaka vibaya sana, mara kimezima, sasa hiyo kama si taa ni nini? Basi hakuna taa. Yenye taa nyekundu na kijani ni ndege. Na wale wa “ni kimondo” nao hapana, kimondo sekunde moja mbili kishapotea. Setilaiti unaiona kwa jua tu: huku chini limeshazama, kule juu kilomita mia kadhaa bado linaipiga, ndo maana zinaonekana zaidi muda mfupi baada ya magharibi au kabla ya alfajiri, na ikiingia kwenye kivuli cha dunia inafifia hapohapo katikati ya anga.

Sasa ule mmweko. Ushawahi kumulikwa na mtoto aliyeshika kipande cha kioo juani? Ukuta mzima uko kawaida, doa moja tu ndo linawaka, na akigeuza mkono kidogo doa limeshahama. Setilaiti yenye upande bapa unaong'aa inafanya hivyohivyo, ila ukuta ni dunia. Jua tukilitazama lina upana wa kama nusu digrii, kwa hiyo mwanga unaorudishwa na kioo bapa nao unatanuka nusu digrii tu. Kioo kikiwa kilomita 1,000 kutoka kwako, doa lina upana wa kilomita 9 hivi, na linakimbia. Wewe unapigwa mwanga wa macho, mwenzako aliye kilomita 40 pembeni anaona kinukta cha kawaida tu anakuona muongo.

Mabingwa walikuwa Iridium za kwanza, setilaiti za simu zilizoanza kurushwa 1997, kilomita 780 juu. Wengi husema ni paneli za sola, kumbe ni antena zake tatu, kila moja kama mlango. Mmweko mzuri ulizidi mng'ao wa sayari ya Zuhura zaidi ya mara 20! Kizazi kipya kilichoanza kurushwa 2017 hakina antena hizo, raha ikaisha.

Siku hizi kuna mabaki ya roketi yanayobiringika, yanamweka, yanazima, yanamweka tena. Unaweza kuhesabu sekunde kati ya mmweko na mmweko, ila usiseme umepata muda wa mzunguko mmoja wa kubiringika, maana kitu chenye pande mbili zinazong'aa kinamweka mara mbili kwa mzunguko uleule.