Mkwamo wa kisumaku, na jinsi joto linavyoandika data

Chukua atomu tatu zilizokaa kwenye pembe za pembetatu. Kila moja ina mshale mdogo wa sumaku uitwao spini, na mvutano kati yao unataka spini jirani zielekee pande zinazopingana. Ya kwanza ikitazama juu, ya pili itatazama chini. Ya tatu je? Popote itakapogeukia, itapatana na moja na kugongana na nyingine. Ukihesabu mipangilio yote ya juu na chini utapata 8, na 6 kati yake ina nishati ileile ya chini kabisa. Hakuna hata mmoja unaoridhisha jozi zote tatu. Huo ndio mkwamo wa kisumaku. Mwaka 1950 mwanafizikia Gregory Wannier alionyesha kwamba wavu mzima wa pembetatu kama hizi hautulii kwenye mpangilio mmoja hata joto likishuka hadi sifuri kamili, yaani ubaridi wa mwisho usioweza kupitwa.

Spini zikiwa huru kuzunguka kwenye bapa, hupata mwafaka: kila moja hukaa nyuzi 120 kutoka kwa mwenzake. Mishale mitatu ya aina hiyo ikijumlishwa hufutana.

Maada inayofaa kulielewa hili ni Mn₃Sn, yaani mchanganyiko wa manganisi na bati. Atomu za manganisi hujipanga katika matabaka ya pembetatu zinazogusana kwenye pembe na kuacha matundu ya pembe sita, kama ufumaji wa dema la kuvulia samaki. Humo spini hazifutani kikamilifu. Salio linalobaki ni kama sehemu moja kwa elfu ya nguvu ya atomu moja. Kwa salio dogo hivyo ungedhani hakuna cha kusoma. Lakini mwaka 2015 kundi la Satoru Nakatsuji wa Chuo Kikuu cha Tokyo lilionyesha kwamba ukipitisha umeme kwenye Mn₃Sn, volti hutokea kwa upande, kana kwamba kuna sumaku kubwa ndani. Spini zote zikigeuzwa, alama ya volti hubadilika kutoka chanya kwenda hasi. Basi chanya ni 1, hasi ni 0.

Kuandika ndiyo kazi ngumu, na hapo joto linaingia. Mpangilio wa nyuzi 120 hudumu hadi takriban kelvini 420, yaani karibu nyuzi 147 za Selsiasi. Juu ya hapo spini huvurugika. Kwa hiyo unamulika leza kwenye doa moja la Mn₃Sn hadi likaribie au kuvuka kiwango hicho, unaweka uga wa sumaku, yaani nguvu ya sumaku kutoka nje, kuelekea upande unaoutaka, kisha unaacha doa lipoe uga ukiwa bado upo. Spini zinapojipanga upya hufuata lile salio dogo, ambalo ndilo mshikio pekee wa uga. Watafiti wa Dresden, Ujerumani, waliandika maeneo ya namna hii mwaka 2019, na waliyasoma kwa joto vilevile: leza yenye nguvu ndogo hufanya upande mmoja uwe moto kuliko mwingine, na tofauti hiyo yenyewe huzaa volti ya upande.

Kosa kubwa ni kuondoa uga mapema. Doa likiwa bado moto, spini huchagua upande kwa bahati nasibu. Jambo hilohilo huwapata wanaotumia mpigo wa umeme badala ya leza: mkondo unaopita kwenye tabaka la metali nzito lililogusana na Mn₃Sn, kwa mfano tungsteni, hupasha na kusukuma spini kwa pamoja, hivyo lazima upungue polepole kuliko kasi ya maada kupoa. Ukikatwa ghafla, msukumo hautakuwepo wakati wa kujipanga. Ukipasha kupita kiasi, atomu za matabaka mawili huchanganyikana, na joto huvuja hadi kwenye data ya jirani.

Wapo wanaosema maada hizi zitabana data nyingi zaidi kwa sababu maeneo jirani hayasumbuani kisumaku. Hoja ya kutosumbuana ni ya kweli, lakini haitoshi. Ili doa moja lidumu miaka kama kumi, kizuizi cha nishati cha kugeuka kwake lazima kiwe takriban mara 40 ya nishati ya joto la mazingira, na doa zikiwa mamilioni hulengwa kama mara 60. Doa likipunguzwa ukubwa, kizuizi hupungua pia, mkwamo uwepo usiwepo.

Baridi nayo ina hatari yake. Kutegemea uwiano wa manganisi na bati, sampuli nyingi zikipoa chini ya kelvini 275 hivi, sawa na nyuzi 2 za Selsiasi, spini hujisokota kutoka tabaka hadi tabaka na volti ya kusomea hutoweka. Ndiyo maana uwiano wa manganisi na bati hudhibitiwa kwa makini, mara nyingi kwa kuongeza manganisi kidogo.