Upepo ukipungua, si lazima iwe pancha

Hapa Tanga, tairi likilala usiku, neno la kwanza ni "pancha hiyo". Noah yetu ya zamani ilizibwa mara tatu pale Ngamiani (na tulilipa mara tatu), lakini kila asubuhi tairi la nyuma kushoto tulilikuta limebonyea vilevile. Mara ya nne fundi mwingine, mzee wa maneno machache, akapaka povu la sabuni kuzunguka rimu yote. Vipovu vikaanza kuchemka, si kwenye kashata (sehemu ya tairi inayokanyaga barabara), ila pale ukingo wa tairi unapobanana na rimu.

Tairi lilipovuliwa tukaona unga mweupe, mkavu kama chokaa. Rimu yetu ni ya alumini, na alumini haina kutu nyekundu; kutu yake ndiyo hiyo. Tairi lisilo na tyubu hushikilia upepo kwa kubanana na rimu tu, na hewa ya chumvi ya pwani huila sehemu ile polepole mpaka iwe na vishimo. Dawa ni kusugua kwa brashi ya waya hadi pawe laini, kupaka gundi ya kuzibia, kufunga upya na kupiga balansi. Wengi hukimbilia kutia tyubu, lakini tyubu haitibu rimu. Rimu yenye ufa itupwe, isichomelewe.

Kujaza upepo kila asubuhi na kuondoka hivyohivyo ni hatari. Tairi likipungukiwa hujikunja ubavuni kila linapozunguka, linapata joto, na gari ikiwa na watu saba kuelekea Segera linaweza kupasuka mwendoni.