Ami na mjomba hawaui kwa sababu moja

Nimeandikiwa tena kwamba mjomba mkatili wa ngano ni mama wa kambo mwenye ndevu: roho mbaya, tamaa, basi. Na mfano huwa uleule, ndugu wa mfalme anayempokonya kiti mtoto wa marehemu. Jamani, huyo ni ami! Mjomba hayumo hata kwenye foleni ya kiti hicho.

Kabla ya kumpima mtu roho, uliza urithi unapita wapi. Ukitoka kwa baba kwenda kwa mwana, anayekosa ni ndugu wa baba. Ndiyo maana, katika ngano ya Wagiriki, Pelias anamtuma Jason, mtoto wa ndugu yake, akalete ngozi ya dhahabu, akiomba asirudi. Katika ngano ya Warumi, Amulius naye anampindua kaka yake Numitor, kisha anaamuru wajukuu wa huyo kaka, Romulus na Remus, watupwe mtoni Tiber. Hao ni rahisi, nawapita.

Wanaonikosesha usingizi ni Watlingit wa Alaska. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, na mrithi wa mwanamume ni mpwa wake. (Mluguru hahitaji kufafanuliwa hili.) Katika simulizi aliyoiandika Ivan Veniaminov, padri Mrusi aliyekaa Sitka miaka ya 1830, mjomba anawaua watoto wa dada yake. Dada anameza kokoto, anamzaa Kunguru, shujaa wa ngano zao. Kunguru anakua, anamfikia mke wa mjomba, na mjomba kwa hasira anaita gharika.

Wasomaji hukimbilia gharika. Mimi namtazama yule mke, ambaye mumewe akitoka humwachia ndege wamlinde. Kwa desturi ya Watlingit, mpwa aliweza kumrithi hata mjane wa mjomba. Kila kijana anayebalehe nyumbani mwako anangoja ufe. Ukatili ni ukatili, lakini huyu si kichaa.

Kamsa ndiye anayeniharibia hesabu. Ni mjomba wa Krishna, mungu wa Wahindu; urithi unafuata baba, na bado anawaua watoto sita wa Devaki, mama yake Krishna. Mtasema utabiri: wa nane atamuua. Sawa, lakini kwa nini hadithi imchague mjomba? Mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown, mwaka 1924, alieleza jinsi mpwa wa Kithonga, Msumbiji, anavyojichukulia chakula cha mjomba bila kuadhibiwa. Huenda basi msimuliaji anakipeleka kisu kwenye mkono usioshukiwa, wa mjomba mpole. Maelezo matamu, tena matamu mno, nayaamini nusu. Maana Kamsa alikuwa amemfunga hata baba yake mzazi, Ugrasena, na Krishna akishamuua mjomba hakalii kiti. Anamrudishia babu.