Taisch: maono ya Waskoti yasiyoitwa

Ukilikuta neno taisch katika maandishi ya zamani kuhusu Uskoti, usikimbilie kulitafsiri kuwa uaguzi, sembuse uchawi. Sisi tunaoshughulika na kamusi tunalisisitiza hili kwa sababu tafsiri hiyo inawapaka tope wakulima na wavuvi ambao hawakuwahi kujiita waganga.

Asili yake ni Kigaeli, lugha ya Nyanda za Juu na visiwa vya magharibi mwa Uskoti. Huko huandikwa taibhs au taibhse, na matamshi yake yanakaribia "taish". Wageni waliolinukuu kwa kulisikia tu ndio waliolipa tahajia ya taisch. Maana yake ni umbo au tukio linalomtokea mtu mmoja ilhali waliokaa naye hawaoni kitu. Anayeona ni taibhsear, na hali yenyewe ni taibhsearachd. Wenyeji huiita pia an dà shealladh, yaani kuona kuwili.

Shahidi muhimu ni Martin Martin, mzaliwa wa kisiwa cha Skye aliyezungumza Kigaeli, ambaye mwaka 1703 alichapisha kitabu kuhusu visiwa vya kwao. Anasimulia kwamba maono yakimjia mtu, kope husimama na macho hukodoa mpaka kile kitu kitoweke. Kuona mwanamke amesimama kushoto kwa mwanamume kulimaanisha kwamba atakuwa mkewe. Kuona kiti kitupu, na kumbe mtu amekikalia, kulikuwa dalili ya kifo chake. Sanda nayo ilisomwa kwa kimo: ikiwa haijapita kiuno cha mtu, kifo hakikutarajiwa kabla ya mwaka mmoja hivi, ikipanda kuelekea kichwani, zimebaki siku chache, pengine saa. Angalia kwamba anayeonekana hapa ni mtu aliye hai. Huu si mzuka wa marehemu.

Martin anaongeza jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha neno hili: mwonaji hafanyi lolote ili aone, na hakupata kusikia hata mmoja aliyejipatia faida kwa kuona huko. Mpiga ramli hufuatwa, huulizwa, hulipwa. Taibhsear hakuulizwa na mtu. Maono yalimkuta shambani au mezani, naye hakuwa na uwezo wa kuyafukuza.

Samuel Johnson, mtunga kamusi maarufu wa Kiingereza, alizuru visiwa hivyo mwaka 1773 pamoja na rafiki yake James Boswell. Katika kitabu chake cha 1775 anaandika kwamba watu wa kila daraja waliyakubali maono hayo isipokuwa wachungaji wa kanisa. Yeye mwenyewe alipima ushahidi kwa makini, hakushawishika, lakini aliondoka akiwa tayari kuamini. Si wachungaji wote walioyakana, hata hivyo. Robert Kirk wa Aberfoyle, aliyefariki mwaka 1692, alikuwa mchungaji, naye aliandika kuutetea ukweli wa maono akiona kwamba hayapingani na dini yake.

Boswell ametuhifadhia maana nyingine, ile ya kusikia. Mama mmoja wa Skye aliwasimulia kwamba baba yake alikuwa njiani juu ya farasi, wanawake waliokuwa wakifanya kazi shambani wakamwambia wamesikia taisch mbili, yaani sauti za watu wawili wanaokaribia kufa. Moja ilikuwa ya Kiingereza, jambo ambalo hawakuwahi kulisikia. Aliporudi, mahali palepale alikutana na mazishi mawili, na mmoja wa marehemu alikuwa mwanamke kutoka bara aliyejua Kiingereza peke yake. Ukiamini au usiamini, kisa hiki ni hazina kwa mtunga kamusi, maana kinaonyesha neno likitumiwa na wenyewe katika mazungumzo ya kawaida.

Katika Kigaeli cha leo, taibhse hutumika sana kwa maana ya mzuka. Kwa hiyo mfasiri atazame umri wa maandishi na hali ya anayeonekana. Ikiwa ni marehemu anayerudi, "mzuka" linatosha. Ikiwa ni mtu aliye hai na jambo bado halijatokea, tumia "maono", na taibhsear awe "mwonaji". Kwa ile ya kusikia, ni heri kuliacha taisch lilivyo na kulieleza mara moja: sauti inayotangulia kifo.