Aliyefungwa ni mtu, fedha zake je?

Mwaka 1980 majaji wa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza walikuwa na kesi nzito mbele yao. Genge lililotengeneza dawa ya kulevya iitwayo LSD kwa wingi lilikwisha kunaswa katika operesheni iliyoitwa Julie, wahusika wakafungwa, na wapelelezi wakazifuata fedha zao hadi Uswisi na Ufaransa. Majaji wakaamua, tena kwa masikitiko waliyoyatamka wazi, kwamba fedha zile haziwezi kutaifishwa. Sheria ya dawa za kulevya ya 1971 iliruhusu kutwaa vitu vinavyohusika na kosa lenyewe, kama dawa na vifaa vya kutengenezea. Faida iliyokwisha kuvunwa na kufichwa mbali haikuguswa. Bunge lilitunga sheria ya kuziba pengo hilo mwaka 1986.

Kesi ile inaonyesha kwa nini siku hizi sheria inafukuzia fedha kwa nguvu kama inavyofukuzia mzigo wa dawa. Mzigo ukikamatwa, mwenye biashara huuhesabu kuwa hasara ya kawaida, akaagiza mwingine. Kijana aliyeubeba akifungwa, wa kuchukua nafasi yake hupatikana upesi. Mtaji ndio usiopatikana kirahisi.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa uliopitishwa Vienna Desemba 1988 uliifanya hoja hiyo kuwa wajibu wa karibu nchi zote duniani. Ibara ya 5 inataka faida ya dawa za kulevya itaifishwe, au mali nyingine yenye thamani ileile. Nyumba iliyonunuliwa kwa fedha za heroini inaguswa. Fedha hizo zikichanganywa na mapato halali ya duka, hutaifishwa kiasi kinacholingana na zile chafu. Benki haiwezi kuzuia kumbukumbu kwa kisingizio cha siri ya mteja. Mkataba huohuo uliagiza utakatishaji wa fedha hizo, yaani kuzifanya zionekane halali, uwe kosa la jinai linalojitegemea.

Utakatishaji wenyewe hauna miujiza. Biashara ya dawa huleta noti nyingi mno, na mtu hawezi kwenda kununua ghorofa na magunia ya noti bila kuulizwa. Basi watu kadhaa hupewa mafungu, kila mmoja akaweke benki kiasi kilicho chini kidogo ya kile kinacholazimu kuripotiwa. Kisha fedha huhamishwa kampuni hadi kampuni, kila hatua na ankara yake, mpaka zinamrudia mwenyewe zikiitwa mkopo au gawio la faida. Makaratasi yote yapo. Bidhaa iliyouzwa ndiyo haionekani popote, na hapo ndipo mpelelezi makini huanzia.

Ugumu uko kwenye ushahidi. Wakubwa hawagusi dawa kwa mikono yao, hivyo kuwatia hatiani ni kazi. Ireland, baada ya mwandishi wa habari Veronica Guerin kuuawa mwaka 1996, ilipitisha sheria inayoiwezesha mahakama kuzuia mali kwa kiwango cha ushahidi cha kesi za madai, kilicho chini ya kile cha kesi za jinai, hata kama mwenye mali hajatiwa hatiani. Wapo wanaoona hilo linakiuka haki ya mtuhumiwa, na wasiwasi wao si wa kupuuzwa. Mimi naunga mkono njia hiyo, kwa sharti kwamba mwenye mali asikilizwe na jaji, na kwamba aliyenunua kwa nia njema bila kujua chanzo alindwe. Mkataba wa Vienna wenyewe unawalinda watu wa namna hiyo.

Wanaonisikitisha zaidi ni wanaoazimisha akaunti. Huanza na ujumbe wa kirafiki: pokea fedha hizi kwa niaba yangu, ubaki na asilimia kadhaa, nyingine uzitume kwa fulani. Anayekubali anakuwa kiungo cha mnyororo. Kusema "sikujua" hakumsaidii sana pale mazingira yote yalipokuwa yanamwonyesha kwamba kuna jambo. Ukikuta umeingiziwa fedha usizozijua, usizitoe wala usizirudishe kwa namba unayopewa na mtu anayekupigia simu. Nenda benki mwenyewe, waeleze, na uombe uthibitisho wa maandishi kwamba umetoa taarifa. Usishangae wakikaa kimya baada ya hapo: benki ikishapeleka ripoti ya muamala wenye shaka, sheria inawakataza wafanyakazi wake kumdokeza yeyote anayehusika.