Kudumu katika imani: maana yake ndugu wanapokupinga

Kudumu katika imani ni kuendelea kumfuata Kristo hata pale kumfuata kunapokugharimu ndugu, heshima, pengine na mali. Wengi wakisikia hivyo wanawakumbuka mashahidi waliochomwa moto Namugongo, Uganda, mwaka 1886. Kwa waumini wengi wa huku Tabora upinzani hauji na kuni. Unakuja na kikao cha ukoo.

Chukua kijana wa Sikonge aliyeokoka. Mvua zimechelewa, mtoto wa kaka yake anaumwa, na wazee wameamua kutambika kwenye kaburi la babu. Kila kaya itoe kuku na pombe. Yeye anasema hatatoa. Kesho yake anamwamkia baba yake mdogo, "Mwangaluka," mzee anapita kimya. Maneno yanaanza: mtoto akizidiwa, ni yeye. Sasa, kudumu kwake hakupimwi kwa aliyoyasema kikaoni. Kusema ni rahisi, hasa ukiwa na hasira. Tazama wiki inayofuata, anapompakia mtoto huyohuyo kwenye baiskeli hadi zahanati na kulipia dawa. Tazama ukitokea msiba: anashika jembe, anachimba kaburi na wenzake, anatoa mchango. Tambikoni bado humwoni.

Waraka kwa Waebrania uliandikiwa watu wa aina hii. Walikwisha kudhihakiwa na kunyang'anywa mali, na sasa walikuwa wanachoka. Wanaambiwa wanahitaji saburi (10:36), na aya chache kabla ya hapo wanaambiwa wasiache kukusanyika (10:25). Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja. Ni wachache wanaomkana Yesu hadharani. Mara nyingi mtu anakosa ibada Jumapili moja kwa kuwa amechoka kusemwa, anakosa na ya pili, jumuiya haimtafuti, mwisho inasikika tu kwamba amerudi nyuma. Nionavyo mimi, kanisa ambalo halikupiga hodi kwake halina mdomo wa kumlaumu.

Na kukimbia je? Ruksa. Yesu aliwaambia wanafunzi wake wakifukuzwa mji mmoja wakimbilie mwingine (Mathayo 10:23), na Paulo mwenyewe aliteremshwa ukutani Dameski usiku, ndani ya kapu. Binti anayetishiwa kipigo nyumbani akihamia kwa shangazi yake Urambo, hajaiacha imani.

Ila tusijipake mafuta: si kila anayepingwa anapingwa kwa ajili ya Kristo. Petro anaonya mtu asiteswe kwa wizi, wala kwa kujiingiza katika mambo ya watu (1 Petro 4:15). Mhazini wa kwaya asiyeweza kueleza pesa za sare zilikokwenda, akisemwa, anasemwa kwa haki. Na anayefungulia spika za mkesha hadi saa nane za usiku katikati ya nyumba za watu, majirani wakimwita mwenyekiti wa mtaa, apunguze sauti.